Gia za Kushukia

Shemeji yangu Ramadhani aliniambia nirudi kwa ng'ombe wangu. Nikamwuliza mara ya mwisho yeye kupanda mlima kwa baiskeli ilikuwa lini.

"Mimi?" akasema. "Mimi ambaye Soni nzima walikuwa wananipisha njia?"

"Walikupisha ukishuka. Nimekuuliza kupanda."

Jibu kila mtu analijua. Vijana wa huku wanateremsha kabichi na karoti kwa baiskeli kutoka Magamba mpaka sokoni Soni, magunia mawili nyuma, mguu mmoja unaburuzwa chini kuwa breki. Kurudi, baiskeli inapakiwa kwenye lori la mboga na mwenyewe anakaa juu ya magunia matupu. Hakuna anayekanyaga pedeli kupanda mlima kwa hiari yake. Kwa hiyo mwanamume wa huku akikwambia baiskeli fulani ni nzuri, ana maana inashuka vizuri. Ramadhani alikuwa hodari wa kushuka kuliko wenzake wote wa rika lake, na baiskeli ya mashindano aliyokuwa anaiendesha binti yangu Salama ilikuwa mali yake.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya kupanda mwanzo mpaka mwisho. Mombo hadi Soni, Soni hadi Lushoto, halafu kile kipande cha Magamba ambacho hata pikipiki inalalamika. Wasichana wawili wa kwanza wangeingia timu ya mkoa. Salama ana miaka ishirini na hakuwa na habari na kitu kingine chochote. Hata posa ya mwaka jana aliijibu akiwa amevaa helmeti.

"Gia kubwa kabisa ya nyuma ina meno ishirini na tatu," nilimwambia Ramadhani. "Hiyo ni ya barabara tambarare ya Tanga. Pale Magamba atakuwa ameshatoka Mombo, atakanyaga kwa magoti ya nani? Awekewe ya meno thelathini na mbili; meno yakiwa mengi pedeli inakuwa nyepesi."

"Sahani ya kulia wali?" Akacheka. "Hiyo ni gia ya mjamzito anayekwenda kliniki. Stashahada yako ni ya mifugo, shemeji. Nenda kapime mimba za ng'ombe huko Rangwi."

"Ng'ombe wa Rangwi wana bahati. Hakuna anayewapandisha mlima kwa sifa."

Salama alikuwa amechuchumaa anafuta cheni kwa kitambaa. "Mama, basi."

"Basi nini?"

"Klara wa Gare anatumia gia kama hizi hizi. Wakiniona na hiyo gia yako watanicheka."

"Paja moja la Klara ni yako mawili. Wacha wakucheke ukiwa mbele yao."

"Baiskeli ni yangu," akasema Ramadhani. "Ikiguswa, inarudi ukutani kwangu. Nimemaliza."

Mimi nilikuwa sijamaliza. Kulikuwa na fundi baiskeli mjini Lushoto, Fanueli, ambaye aliachiwa gurudumu la nyuma na mgeni mmoja, lenye gia za saizi niliyotaka. Alikubali kuniazima. Akanionya kwamba gia kubwa inahitaji cheni ndefu. Cheni ikiwa fupi na msichana akaweka gia kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma, itakaza na kukwama, na huenda ikang'oa mkono wa kubadilishia gia. Siku mbili kabla ya mashindano, Salama akiwa amekwenda shamba, nilimpelekea Fanueli baiskeli. Akaongeza vipande vya cheni, nikairudisha mahali pake. Sikumwambia mtu. Ningemwambia Salama angemwambia baba yake mdogo, na tungeanza upya.

Usiku ule nilimwambia Salama neno moja tu. "Nitasimama Lushoto, pale njia ya Magamba inapoanza, na gurudumu mkononi. Sheria inaruhusu. Ukilitaka simama, usipolitaka pita."

"Nitapita," akasema.

Kesho yake walishuka Mombo. Salama alipanda basi. Baiskeli ya mashindano aliishusha Ramadhani mwenyewe, umri wote ule, kwa sababu hajui njia nyingine ya kuijaribu baiskeli.

Siku ya mashindano nilisimama na lile gurudumu tangu asubuhi. Watu waliniuliza kama nauza. Klara alipita wa pili, amesimama juu ya pedeli, anasukuma kama anayekanyaga udongo wa tofali. Wa kwanza alikuwa msichana wa Moshi ambaye hakuna aliyemjua, miguu yake inazunguka upesi na nyepesi. Nikaitazama gia yake ya nyuma. Sahani ya kulia wali.

Salama alikuja wa tano. Alikuwa anakanyaga kwa mwili mzima, mabega yanakwenda huku na huku, na baiskeli haiendi. Alinipita. Nikaona mgongo wake unaondoka, nikasema moyoni haya, umepita, shauri yako. Hatua chache mbele, mlima ulipoanza hasa, pedeli ilisimama. Ilisimama kabisa, akaweka mguu chini.

Nikakimbia. Alilitoa gurudumu la zamani mwenyewe bila kunitazama usoni.

"Weka haraka," nikasema. "Sasa gia zote unaweza kutumia."

"Siwezi. Baba mdogo amekata cheni, sasa ni fupi."

"Amefanya nini?"

"Alipokuwa anashuka ilikuwa inapigapiga. Akasema imelegea, kuna mtu ameiharibu. Akaikata Mombo, mbele yangu." Sasa ndipo aliponitazama. "Kumbe ni wewe uliyeirefusha."

Msichana mwingine akatupita.

"Gia ya mbele weka ndogo," nikamwambia. "Usiiguse kubwa mpaka umalize, hata akikwambia nani. Ukiigusa imekwama, na wewe umeanguka. Umenisikia?"

Akafunga gurudumu, akapanda. Nilimsukuma, akaondoka.

Nikadandia bodaboda, nikamwambia kijana afuate kwa mbali. Nilichokiona ni hiki: Salama alikaa kitini, mabega yakatulia, miguu ikaanza kuzunguka kama cherehani. Watu pembeni walicheka kweli. "Dada, unasaga mahindi?" mmoja akapiga kelele. Akampita huyo aliyecheka, maana alikuwa anatembea. Akapita wasichana mmoja, wawili, watatu, wote wamesimama kwenye pedeli, wote wanapumua kwa midomo. Karibu na juu alikuwa nyuma ya Klara tu, na yule wa Moshi alikuwa ameshakwenda zake.

Mlima unapoisha kuna kipande kifupi cha tambarare, halafu utepe. Na pale mlima unapoishia, ndipo Ramadhani alipokuwa amesimama. Mtu wa kushuka akiona barabara inalala, mkono wenyewe unatafuta gia kubwa.

"Kubwa!" akapiga kelele. "Salama! Weka kubwa mbele! Kubwa!"

Klara aliweka kubwa yake, akaanza kuchomoka. Nikauona mkono wa Salama unasogea kwenye breki, pale panapobadilishiwa gia. Tangu utoto amezoea kutii sauti ile.

Mkono ukasimama. Akapunguza gia ya nyuma tu, akaacha ndogo mbele, akazungusha miguu mpaka nikaogopa itatoka. Klara alikuwa na gia nzuri kwa tambarare lakini miguu ilikuwa imebaki Magamba chini. Salama alimwahi kwa urefu wa gurudumu moja.

Wa pili. Timu ya mkoa.

Ramadhani alifika kabla yangu. "Ungenisikia ungemshinda mapema," alikuwa anasema. "Na hilo gurudumu nani ameliruhusu kwenye baiskeli yangu?"

"Cheni ingekwama, Ramadhani," nikasema. "Wewe mwenyewe umekata cheni. Hata kabichi zingekushinda akili leo."

"Wewe ndiye uliyeanza kuichokonoa kama mwizi!"

Salama alikuwa amekaa chini. Akainuka, akafungua gurudumu la Fanueli, akanitupia miguuni. Akampa Ramadhani baiskeli isiyo na gurudumu la nyuma.

"Baba mdogo, baiskeli yako hii, iweke ukutani. Timu wana zao." Kisha akanigeukia. "Mmoja anarefusha, mmoja anakata. Aliyekaa juu ya hiyo cheni ni mimi. Hakuna aliyeniambia."

"Ningekuambia ungekubali?"

"Ungeniambia, Mama."

Akaondoka kwa miguu kuelekea Lushoto, viatu vya baiskeli vinagonga lami. Nilimfuata na gurudumu begani, hatua chache nyuma. Hakugeuka. Aliposita kwenye kona kunisubiri nivuke barabara, alikuwa bado amenuna.