Aliyekataza Kumwosha Siti

Daktari Birindwa alipokuja kutukataza kumwosha marehemu dada yangu Siti, nilimfungia mlango usoni. Akagonga tena. Alikuwa na askari wawili na ndoo ya dawa ya klorini.

Na mtu huyu ni sisi tuliompokea! Alitoka Kongo mwaka wa sitini na nne na koti moja, baba akampa chumba cha mbele hapa mtaani Asiatique, akatibu mtaa mzima. Siti alijifungua mikononi mwake mara mbili. Kisha serikali ikampeleka Ulaya kusomea afya ya umma, akarudi mkurugenzi mwenye Landrova na katibu. Tangu hapo hakushika mgonjwa. Ukimwambia kichwa kinauma, anakuuliza unachota maji wapi. Mshenzi mkubwa!

Mwaka huo wa sabini na nane kipindupindu kilikuwa kimeingia mjini, na Siti kilimchukua kwa siku moja. Mwosha maiti wa wanawake wa Kiislamu ni mimi. Nimwache dada yangu azikwe na uchafu wake? Nikafungua mlango ili nimtukane vizuri.

"We ulikuwa munganga wetu. Sasa uko mutu ya makaratasi tu. Toka!"

Hakukasirika. Angekasirika ningempenda kidogo. Alifungua daftari.

"Mama Thabit, muke ya jirani yenu Massoudi alikufa Jumatatu. Nani alimuosha?"

"Mi. Nani mwingine?"

"Na chakula ya matanga, nani alipika?"

"Mi vile vile. Mikate nilikanda na mikono yangu, watu wakasifu."

"Nani alikula?"

Nikamtajia kwa kiburi: Hamoud na mkewe, Mwavita, watoto wa Massoudi. Alikuwa akiandika. Wa mwisho nikamtaja Siti. Alikula mikate mitatu, tena yeye ndiye wa kwanza kula.

Birindwa akafunga daftari.

Shehe wetu aliruhusu tayamamu: vumbi safi, apakwe uso na mikono, basi. Birindwa akaninyooshea glavu mimi.

"Apana mi, na mikono hii," nikasema.

Jirani yangu Mawazo akazivaa. Miaka ishirini nimeosha wafu wa mtaa huu, na dada yangu nikamtazama akipakwa vumbi na mtu mwingine.

Simsamehe Birindwa. Alijua kabla hajagonga, akaniacha nijitaje mwenyewe.