Maua Manane kwa Kila Kichala

Chumba nilichopewa kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, na dirisha linalotazama shamba la vanila. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: nifanye kazi asubuhi mpaka msimu uishe, nipate chakula na pa kulala, mshahara hakuna. Mpwa wangu ndiye aliyenitafutia. Alijua nimechoka kulala sebuleni kwa mwanangu, nikikunja shuka kabla mkwe hajaamka. Nimeshonea watu nguo maisha yangu yote, na uzeeni sikuwa hata na ukuta wa kupigilia msumari.

Mwenye shamba, bibi mwenye ulimi mkali na mikono inayotetemeka, alinipokea shingo upande.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fundi cherehani shambani kwangu! Utaishonea migomba suruali?"

Nilicheka, ingawa sikupenda. Dawa na mbolea za dukani alikuwa hataki hata kuzisikia, kwa hiyo niligeuza mboji, nikafunika mashina kwa majani makavu, mgongo ukilia. Vanila ilipochanua ndipo nilipopata cheo. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu, mchana limekwisha. Wadudu wa huku hawaliwezi, kwa hiyo mtu ndiye hulichavusha: unainua kwa kijiti kile kijingozi cha ndani, unabonyeza unga wa ua kwa dole gumba, basi.

"Sisi ndio washenga wao," alisema bibi. Kijiti chake kilitetemeka na kuchana ua. Changu hakikukosea hata mara moja.

"Una vidole, wewe," akasema. Tangu siku hiyo chai yangu alinimiminia mwenyewe.

Hakuwa na mtoto, na alitafuta mtu wa kumwachia shamba. Mimi nililitaka. Nalisema bila haya: nililitaka mpaka usingizi ukanipaa.

Kisha akaenda mjini kutibiwa macho. Kabla ya kupanda gari alinishika mkono. "Kila kichala, maua manane. Yakitimia, mengine yaache yaanguke. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bibi."

Na kweli nilimsikia. Lakini manane yalipotimia, kila asubuhi maua mapya yakafunguka, mazima kabisa, na kila mchana yakaanguka miguuni pangu. Roho iliniuma. Fundi hatupi kitambaa. Kipande kikibaki, hukifanya kola au mfuko. Nikaanza na mvanila mkubwa wa karibu na jiko, ule uliozaa miche yote ya shamba. Nikayachavusha yote. Nilikwisha kuuona uso wa bibi atakapokuta neema ile.

Alirudi baada ya wiki kadhaa na miwani mpya, na godoro jipya lililofungwa nailoni juu ya gari.

"Njoo ulipokee! Njia nzima limekaa vizuri kuliko mimi," alisema akicheka. Kisha akauona mvanila, na kicheko kikakatika. Maganda, matunda ya vanila, yalikuwa yamebanana kwenye vichala. Majani yalikuwa yamelegea, mengine yamegeuka manjano.

"Umeubebesha mpaka utakufa," alisema polepole.

"Niliona hasara kuyaacha, bibi."

"Nilikwambia mangapi?"

"Manane."

Akanipa mkasi. Nilikata maganda mabichi niliyoyatungisha mwenyewe, moja baada ya jingine, naye akishika ndoo. Nilitamani anitukane, lakini hakunitukana. Nikawakumbuka wanafunzi wangu wa cherehani: aliyekata nje ya mstari wa chaki nilimfukuza papo hapo, hata awe na mkono wa dhahabu. Nikangoja na mimi nifukuzwe.

"Huenda ukapona," alisema ndoo ilipojaa. "Mizizi bado ina nguvu."

"Na mimi, bibi?"

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga. "Wewe kaa mpaka msimu uishe, mwanangu. Kama tulivyopatana."

Nikasema asante.

"Haya, nisaidie godoro kabla mvua haijaja."

Nikashika upande wa mbele, nikaelekea chumbani kwangu.

"Si huko," alisema.

Tulilipeleka chumba cha pili, kile kitupu, tukaliegemeza ukutani na nailoni yake. Bibi akalipangusa vumbi kwa mkono.

"Litamfaa atakayekuja baada yako," akasema, akafunga mlango.