Mikono Juu Nunguni

Binti yangu Mbithe ni wakili, lakini hajawahi kumtoa mtu ndani. Hapa Nunguni jambo hilo limeniaibisha sana. Jirani yangu Ndululu, ambaye vijana wake hushikwa kila mara, alizoea kuniuliza, "Mama Mbithe, sasa huyo wako alisomea nini hasa?" Ningemjibu nini? Kortini Mbithe haendi. Kazi yake Nairobi ni kampuni: nani anauza hisa, nani ananunua, na nani anaficha nini.

Mwezi uliopita kampuni yetu ya wakulima wa avokado iliita mkutano wa wanahisa kanisani. Bwana mmoja alitaka kuinunua yote, pamoja na kiwanda cha mafuta tulichokijenga kwa jasho letu. Mimi sikutaka kabisa. Nikamwita Mbithe.

Mwenyekiti wetu, Mzee Munyao, ni shemasi. Kabla ya kura alituombea, nasi tukafumba macho na kuinua mikono kama kawaida yetu. Kufumbua macho, yule bwana alikuwa mbele na simu yake, ameshapiga picha.

"Asanteni," akasema. "Mikono yote iko juu. Mmekubali kuuza."

Mimi nilipandwa na hasira hadi masikio yakawa moto. Mbithe akaniinamia, anatabasamu tu.

"Mama, mimi sina hisa hapa, siwezi kuongea. Lakini wanahisa watano wakidai kura ya karatasi, hiyo ya mikono haisimami. Ni sheria. Inuka useme."

Niliinuka, nikadai, nikamvuta Ndululu, aliyeketi kando yangu, kwa koti. Nilipogeuka, safu yetu nzima ilikuwa imesimama.

Karatasi zilipohesabiwa, kiwanda kilibaki chetu. Yule bwana hakungoja chai.

"Mama Mbithe," Ndululu akaninong'oneza, "kwani wakili anaweza kushinda kesi bila jaji?"

"Na bila kusimama," nikamjibu. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo.

Munyao akatuita kwa maombi ya kufunga. Nilifumbua jicho moja. Watu wazima, waumini wa miaka mingi, walikuwa wameikalia mikono yao. Mbithe peke yake ndiye aliyeinua yake, yote miwili. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikainua yangu pia. Anayetaka kupiga picha, apige.