Makofi ya Misa ya Mavuno

Siku ile ya kikao nilipaswa kusema palepale kwamba sijui. Sikusema.

Kilikuwa kikao cha jumuiya yetu hapa Kizwite, mjini Sumbawanga. Katekista Alfonsi alitangaza kwamba mwaka huu Misa ya mavuno itafuata desturi za Kifipa. Mzee mmoja wa kiume atabeba kikapu cha ulezi mpaka altareni, atawasalimu waumini kwa salamu ya zamani ya kupiga makofi, kisha atamkabidhi padri.

"Mzee Yusto ndiye mkubwa wetu," akasema. "Miaka sabini na minane. Nani mwingine?"

Wakashangilia. Nami nikainua kidevu, kana kwamba nilikuwa nikisubiri waseme hivyo.

Ukweli ni kwamba nilizaliwa Tanga, kwenye shamba la mkonge ambako baba yangu alikwenda kutafuta kazi akiwa kijana. Alifia huko kabla hajanifundisha mengi. Kusoma nilijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, na tangu hapo sikupenda tena kuonekana mjinga. Nilipohamia Sumbawanga miaka mitatu iliyopita, mjane, nisiyemjua mtu, jumuiya ile ilinipokea. Walinilimia kiwanja, wakanipa nafasi kwenye benchi la mbele, wakaniita Mfipa mwenzao aliyerudi nyumbani. Walipoongea Kifipa nilitikisa kichwa, na walipocheka nilicheka. Niliogopa kwamba wakijua, nitakuwa mgeni tena, na kwa umri wangu sina pengine pa kwenda kuanza upya.

Mjini watu husalimiana kwa Kiswahili na kupeana mikono. Salamu ile ya makofi sikuwa nimeiona hata mara moja. Nikaenda sokoni kwa Zita, mama anayeuza ulezi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mama, nina mjukuu wangu kule Tanga, Salome. Anaolewa na kijana wa huku. Nataka nimfundishe salamu ya kwetu, ila mengine nimeshasahau."

"Hee! Uzee huo, mzee, au ni pombe za ugenini?"

Alicheka, akasogeza debe lake, akanionyesha. Magoti yote mawili chini, kichwa kimeinama upande, viganja vimefumbwa kidogo kama vya mtu anayechota maji, makofi ya polepole. Nilirudia mpaka akaridhika.

"Safi. Huyo mkwe watampenda."

Nilifanya mazoezi chumbani wiki mbili, mpaka magoti yakavimba.

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa. Ngoma zilinyamaza, nikaweka kikapu chini, nikapiga magoti, nikaanza. Mara kicheko kikazuka upande wa wanaume, na mzee Zephania, mkulima wa mahindi mwenye sauti kubwa, akapaza sauti, "Jamani, bwana harusi yuko wapi? Bi harusi kashafika!"

Hapo nikaelewa. Zita alikuwa amenifundisha kile nilichomwomba: salamu ya mwanamke anayeingia kwa wakwe zake.

Alfonsi alitaka kuniokoa. "Mzee wetu anatuchekesha," akasema. "Haya mzee, sasa tupe ile yenyewe."

Kanisa zima likanitazama.

"Siijui," nikasema. "Hata Kifipa sikijui. Nilizaliwa mkongeni. Nimewadanganya miaka mitatu."

Kicheko kikakatika. Zita akainuka upande wa akina mama. "Na mimi umenidanganya! Salome gani? Ungesema ni wewe, si ningemwita mume wangu akufundishe?"

Nilijaribu kuinuka, goti likakataa. Zita, bado amenuna, akapiga magoti palepale alipokuwa, akaijibu salamu yangu kwa viganja vilevile. Akina mama waliokuwa nyuma yake wakafuata. Wanaume walikaa tu.

Zephania akaja, akanishika chini ya kwapa, akaniinua.

"Baba yako aliitwa nani?"

"Isdori."

"Wa wapi?"

"Alisema upande wa Muze. Zaidi ya hapo sijui."

Akafikiri. "Simfahamu."

Neno hilo liliniuma kuliko kile kicheko. Lakini hakuniachia mkono.

"Simama wima," akasema. "Mwanamume hapigi magoti hivyo. Nyoosha viganja. Tazama mikono yangu."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Ulitaka wapi? Chumbani?"

Nikapiga.

"Hapana. Tena."

Nikapiga tena. Padri alikuwa ameketi, anangoja ulezi wake.

"Unaharakisha. Tena."

Mara ya nne, mtu mmoja akajibu kwa makofi kutoka upande wa wanaume. Sikuthubutu kugeuka kutazama ni nani.