Mstari Alioukata Mwalimu Koome

Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, mwalimu Koome alikuwa mkalimani katika kambi ya uchunguzi karibu na Kanyakine. Alikuwa amesoma mantiki kwa njia ya posta, na mkuu wa kambi, Mzungu kijana, alipenda kumjaribu.

Asubuhi moja akamwekea karatasi mezani. Mutugi, mfungwa aliyepigwa siku mbili, alikuwa amesema mambo mawili kuhusu chakula walichopelekewa wapiganaji msituni. Kwanza, kama Mukiri alikwenda, basi Igoki alikwenda pia. Pili, alikwenda Mukiri au Igoki, au wote wawili.

“Mukiri ni mkeo,” alisema yule bwana. “Nichoree jedwali la kweli na uongo.”

Koome akachora mistari minne: wote wawili, Mukiri peke yake, Igoki peke yake, hakuna aliyekwenda. Wa nne ulipingana na neno la pili la Mutugi. Akaukata.

Kwenye wa pili kalamu ikasita. Yeye mwenyewe alikuwa amemwona Mukiri akiondoka na kikapu cha chakula. Jirani yao Igoki alikuwa amejifungua siku hiyo, hata kusimama hakuweza.

“Na huu?”

“Unapingana na neno la kwanza, bwana.” Akaukata.

“Imebaki miwili, na yote ina Igoki. Mkeo hatuna hakika naye. Una bahati, Mwalimu.”

Igoki akachukuliwa mchana ule, mtoto mgongoni. Wiki ya pili mtoto akafa kizuizini.

“Baba Kinyua, uliwaambia Igoki alikuwa amejifungua siku ile?” Mukiri alimuuliza mumewe.

“Waliniuliza maneno ya Mutugi tu.”

Mukiri alifunga kitambaa kichwani, akaenda kambini, akasema kwa Kimeru: “Nilikwenda mimi, peke yangu.” Koome akatafsiri kila neno.

Mkuu akavuta lile jedwali. “Peke yako? Mstari huo mumeo aliukata. Kama ulikwenda, basi mlikwenda wote wawili, wewe na Igoki. Asante, mama.”

Wakapandishwa lori moja, Mukiri na Igoki.

Walirudi baada ya miaka minne. Mukiri hakufika kwa Koome. Alikaa kwa Igoki, wakilima shamba moja. Siku za soko Koome alikuwa akiwasalimu. Igoki aliitikia. Mukiri hakuitikia hata mara moja.