Mchawi wa Kukodi

Anjela aliliona fuvu kabla basi halijasimama. Fuvu la mbuzi, na pembe zake, limebandikwa juu ya ilungu, lile tanuri refu la udongo wa kichuguu ambamo Wafipa wa zamani waliyeyushia chuma. Chini ya fuvu kilining'inia kitambaa chekundu kirefu. Jana havikuwepo.

"Kaka Lwitiko, haya ni nini?"

"Mvuto, dada." Lwitiko, mwenye basi na mwenye kampuni, alikuwa anajiweka sawa kola kwenye kioo cha dereva. "Watu wametoka Dar. Maporomoko ya Kalambo watayaona kesho. Leo wameahidiwa wachawi."

"Wameahidiwa na nani?"

"Na mimi. Wewe waambie kwenye hayo matundu ya chini ndiko walikokuwa wanasukumiwa watu wa kuchomwa. Basi. Kama huwezi, sema sasa, nitafute mwongozaji mwingine wa msimu mzima."

Anjela aliitikia kwa kichwa, na kuitikia kule kulimchoma. Kazi hii aliililia tangu amalize diploma ya utalii. Chuoni, kila alipotaja kwao ni Sumbawanga, kunakovumishwa uchawi wa radi, wenzake walijitupa pembeni wakipiga kelele, "Msimguse, radi hiyo!" Naye alicheka pamoja nao mpaka mashavu yakauma. Moyoni alikuwa ameapa kwamba kundi la kwanza atakalolifikisha kwenye ilungu la ukoo wake litarudi Dar na habari nyingine.

Wageni wakashuka, simu juu.

"Mchawi wetu yuko wapi sasa?" aliuliza jamaa mmoja wa miwani myeusi.

Lwitiko akapiga makofi. Nyuma ya tanuri akajitokeza mama mtu mzima amejitanda kaniki, uso umepakwa majivu, mkononi ana ungo. Wageni wakapiga mayowe ya furaha. Anjela hakupiga. Mwendo ule aliujua. Alikuwa shangazi yake Avelina, sauti ya kwanza ya kwaya ya parokia, na ungo ule ndio wa kupepetea ulezi nyumbani.

"Shangazi!"

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo. Unafanya nini hapa?"

"Marahaba. Huyu kijana kasema ni igizo. Nikajua ni kama la Ijumaa Kuu. Mwaka jana si nilikuwa mke wa Pilato?"

"Ni igizo la uchawi, shangazi. Anasema babu alikuwa anachoma watu humu ndani."

Avelina aligeuka taratibu. "Nani alichoma watu?"

"Bibi, panda ungo basi upae kidogo, nakurekodi!" alidakia yule wa miwani.

Watu wakacheka. Ndipo Anjela akalisogelea tanuri. Alinyoosha mkono, akakivuta kile kitambaa kikachanika.

"Hakuna anayepaa hapa! Hili ni ilungu. Mababu zetu waliyeyusha chuma humu bila hata kuvukuta moto. Hayo matundu mliyoambiwa ni ya watu, ni ya upepo. Waliujua upepo wa uwanda huu, wakaujengea milango uingie wenyewe. Jembe lililowalisha watu huku lilianzia humu. Nyie mmesafiri nchi nzima kuja kuangalia majivu usoni kwa shangazi yangu?"

"Dada, unaniharibia biashara," alisema Lwitiko kwa sauti ya chini.

"Wewe umeniharibia babu!"

"Na tena," Avelina alimsogelea, "hilo fuvu ni la mbuzi wangu wa Pasaka. Uliniomba ukasema unataka kwenda kuchemsha supu!"

Safari hii wageni walimcheka Lwitiko. Uso ukamvimba.

"Anjela, kazi huna. Wote kwenye gari!"

Wengi walipanda. Yule wa miwani alinung'unika kwamba wamemnyima mchawi aliyeahidiwa. Hilo ndilo lililomuuma Anjela kuliko kazi: alikuwa amesema yote, na jamaa alikuwa hajasikia hata moja.

Mwanamke mmoja, Minza, alibaki amesimama karibu na tanuri.

"Hivi mlikuwa mnaliwasha tu, au palikuwa na mila zake?"

"Mwanangu, lilipambwa kama bibi harusi," alijibu Avelina. "Likaimbiwa. Baba yangu aliniachia wimbo mmoja."

"Naomba uuimbe, mama."

Lwitiko akapiga honi. Avelina akaanza kuimba kwa Kifipa. Honi ikapigwa tena, ndefu, yenye hasira, naye akapandisha sauti juu yake, ile sauti iliyozoea kujaza kanisa. Minza hakutoa simu.

Anjela alikikunja kile kitambaa chekundu, akamsogelea shangazi yake, akaanza kumfuta majivu usoni, huku Avelina akiendelea kuimba.