Ini Dirishani

Alhamisi asubuhi kinyozi alikuwa akipiga pasi koti lake la kazi, tumbo wazi, mkewe alipomwambia kwamba ini lake linaonekana. Ngozi ya upande wa kulia, chini ya mbavu, ilikuwa imegeuka kioo. Ndani yake ini limetulia, safi.

"Sasa huyo bosi wako ataamini," mke akasema, akatoka kwenda kuanika nguo.

Maana cheti cha daktari bosi alikikataa. Kilieleza kwamba homa yake ya ini aina C imekwisha: vidonge vya kumeza miezi mitatu, kichwa kikauma kidogo, uchovu kidogo, basi; kisha damu ikapimwa tena, virusi havipo. Bosi alisema karatasi hata shemeji yake anaandika. Kinyozi hakutaka makubwa. Alitaka kiti chake cha kunyolea, kile cha pili kutoka mlangoni.

Dukani bosi alimfunua shati, akachungulia, akagonga kioo kwa kucha.

"Zuri. Kaa dirishani."

"Na kiti changu?"

"Kina mtu. Wewe kaa hapo wakuone."

Wakamwona. Wanaume wazima, wenye funguo za magari mkononi, walilitazama ini, wakaridhika kwamba duka ni salama, wakaingia kunyolewa kwa wembe mmoja wa wote. Kwa wembe wa namna hiyohiyo, humohumo dukani, ndivyo kinyozi alivyougua. Bosi aliufuta kwenye aproni kila baada ya kidevu, na huo ndio ulikuwa usafi wake.

Ndevu za kinyozi zikaota.

"Unaniharibia tangazo, bwana," bosi akasema, akamwita kwenye kiti cha pili. Hatimaye akakikalia. Wembe ulikuwa na damu mbichi ya mteja aliyetangulia.

"Toa mpya."

"Wa nini? Si umepona? Ukiugua, dawa si zipo, tena hata tumbo haziumizi."

"Daktari kasema zinaponya, hazikingi."

"Huyo daktari ananyoa?"

Wateja wakacheka mpaka povu likawaingia mdomoni. Kinyozi akashusha shati, akaenda zake nyumbani.

Mchana huohuo bosi alimleta mchora mabango, naye akachora ini kwenye kioo cha dirisha, jekundu, lenye tabasamu. Wateja wakalikagua. Walikubaliana kwamba hili limekolea rangi kuliko la yule bwana, wakaingia, wakainua videvu.